Mizizi ya Fundi Mhoja

Minza Luhende alifika Igaluke saa tatu asubuhi, siku ya Jumanne, akiwa na sanduku la kijivu na karatasi yenye jina moja. Mhoja Ndalahwa, fundi pampu, miaka hamsini na miwili. Chini ya jina palikuwa na maneno manne: Punje irejeshwe. Mizizi ikaguliwe.

Hakuhitaji kuuliza njia. Watu walikuwa wamejaa kisimani, wanawake kwa wanaume, na katikati yao alikuwapo mwanamume mrefu aliyepiga magoti, mikono yake imeingia ndani ya pampu hadi viwikoni. Mkewe alikuwa amesimama juu yake, ameshikilia fimbo ya chuma isishuke. Hawakuwa wakisemezana. Mwanamume alinyoosha mkono bila kutazama, na mwanamke akampa spana aliyoihitaji.

"Shikamoo baba," Minza alisema.

"Marahaba, mwanangu." Mhoja aliliona sanduku kwanza, kisha akamtazama usoni. Alifunga nati mbili za mwisho, akafuta mikono kwa kitambaa, akavuta mpini. Maji yakatoka. Hakuna aliyeshangilia. Wote walilijua sanduku lile.

"Nilidhani mtakuja baada ya mavuno," alisema.

"Hakukuwa na mavuno," Minza akajibu. "Ndiyo sababu nimekuja."

Mke wa Mhoja, aliyeitwa Kabula, aliishusha fimbo chini polepole. "Hebu nieleweshe, binti. Mnatuondolea fundi kwa kuwa sisi ni maskini. Mwakani mtakuja kuandika kwamba sisi ni maskini kwa kuwa hatuna fundi. Ndivyo?"

Kwa miaka tisa ya kukusanya punje, Minza alikuwa ameulizwa maswali mengi kwa hasira na kwa machozi. Hili liliulizwa kwa utulivu, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, na likamkaa kifuani.

*

Punje zilipotoka mara ya kwanza, Minza alikuwa hajazaliwa. Mama yake alimsimulia jinsi watu walivyokesha kwenye foleni. Kitu kidogo kuliko mbegu ya ulezi, kinawekwa nyuma ya sikio, na kesho yake mtu asiyejua kushika nyundo anaamka fundi seremala. Nani angekaa chuoni miaka mitatu kujifunza kile ambacho angeweza kuamka nacho? Vyuo vya ufundi vikafungwa kimoja baada ya kingine. Wazee waliokuwa wakifundisha kwa mikono walizeeka, wakafa. Vitabu vikaliwa na mchwa. Baada ya miaka ishirini ujuzi wote wa nchi ulikuwa mahali pamoja, kwenye ghala la Hazina ya Stadi, na Hazina ndiyo iliyoamua apandwe nani, wapi, na kwa muda gani.

Hazina ilipanda palipokuwa na faida. Kijiji kikipata mvua mbaya miaka miwili mfululizo kilishuka kwenye orodha, na punje zake zikapelekwa kwingine. Kwanza aliondoka muuguzi, kisha fundi umeme, kisha bwana mifugo. Wa mwisho kuondoka kwa kawaida alikuwa fundi pampu, na baada yake kijiji chenyewe kilianza kuondoka, mtu mmojammoja, kwenda kugonga kokoto kandokando ya barabara kuu.

Minza mwenyewe alitoka huko. Alianza kugonga kokoto akiwa na miaka saba, ameketi karibu na mama yake chini ya gunia lililotundikwa kwenye miti miwili. Alipofika miaka ishirini na mitano Hazina ilifanya majaribio kwa wagonga kokoto, na yeye akapata punje ya ukusanyaji. Ilimpa mikono isiyotetemeka na macho ya kusoma ubongo kwenye kioo. Ilimpa pia nyumba ya bati mjini na nafasi ya shule kwa binti yake, Tatu. Punje ile nayo ilikuwa ya Hazina. Siku yoyote wangeweza kuichukua tena.

*

Walimlaza Mhoja kwenye kitanda cha kamba uani. Kutoa punje kulichukua dakika kumi. Kilichobaki ndicho kilikuwa kigumu.

Mtu akikaa na punje muda mrefu, akafanya kazi kila siku, akakosea na kurekebisha, punje huota. Ujuzi hutoka ndani yake ukatambaa kwenye nyama ya ubongo, ukawa wa mtu mwenyewe. Hazina iliita hiyo mizizi. Kwa sheria zake, mizizi iliyotokana na punje ilikuwa mali ya mwenye punje, na mkusanyaji alitakiwa kuisaka na kuikata.

Minza alivuta kioo juu ya kichwa cha Mhoja. Alikuwa ameshaona mizizi mingi, nyuzi chache za buluu hapa na pale. Hii ilikuwa kama mizizi ya mkuyu. Ilikuwa imeenea kila mahali, minene, imepindana, imeingia sehemu ambazo hakuwahi kuona ujuzi wa kazi ukifika.

"Umefanya kazi hii miaka mingapi?" aliuliza.

"Kumi na minne."

"Na nani?"

"Na mke wangu. Yeye ndiye anayeshika fimbo. Pampu hii haifunguki kwa mtu mmoja."

Minza alikaza macho kwenye kioo. Nyuzi nene kuliko zote zilikuwa zimejisokota mahali ambapo mtu huhifadhi watu wake. Kila mara Mhoja alipojifunza jambo jipya la pampu, Kabula alikuwa amesimama juu yake. Ubongo wake haukuwa umetenganisha vitu hivyo viwili.

"Unaona nini?" Kabula aliuliza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, karibu kabisa.

Mkusanyaji hakutakiwa kueleza. Minza alieleza. Alisema mizizi ipo, na ni mingi. Alisema akiikata, itaondoka na kitu kingine.

"Kitu gani?"

"Wewe, mama."

Kuku alipita uani, akadonoadonoa karibu na miguu ya kitanda, akaenda zake.

"Atajua kwamba ana mke?" Kabula aliuliza.

"Labda. Lakini sidhani kama atajua ni wewe."

Mhoja alikuwa amelala, macho yametazama juu. "Mwanangu," alisema, "kama ni lazima, fanya. Usije ukapata matatizo kwa ajili yangu. Najua nawe umetumwa."

Pengine kama angemtukana ingekuwa rahisi zaidi. Minza alizima kioo, akafungua fomu, na mahali palipoulizwa kuhusu mizizi akaandika: Haikuonekana.

"Usiiguse pampu," alimwambia Mhoja wakati anafunga sanduku. "Ujuzi unao. Lakini wewe si fundi tena. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Ikiharibika, iache."

Mhoja alikuwa ameshageuka, anatazama upande wa kisima.

*

Miezi minne baadaye Minza aliitwa ofisini kwa msimamizi wake, Bi Tunu Kassanga. Bi Tunu alikuwa mwanamke mpole aliyekuwa na picha za wajukuu ukutani, na ambaye hakupenda kupandisha sauti. Alimpa Minza kiti, akageuza kioo cha mezani ili wote wawili waone.

"Pampu ya Igaluke ilisimama tarehe nne," alisema. "Tarehe saba ikaanza kutoa maji. Sisi hatukumtuma mtu. Nieleze."

"Huenda ilijizibua yenyewe."

"Minza." Bi Tunu alivua miwani. "Pampu haijizibui yenyewe. Wewe unajua na mimi najua. Ulikagua mizizi?"

"Nilikagua."

"Haikuonekana."

"Haikuonekana."

Bi Tunu alivaa tena miwani. "Mimi pia nina mtu anayeniuliza," alisema. "Nimemwambia kwamba kioo chako kilikuwa na hitilafu, tumekitengeneza, na utarudi kumalizia. Nimesema hivyo kwa sababu nakupenda. Safari hii leta picha ya kabla na picha ya baada. Ukirudi mikono mitupu sitaweza kukutetea, na atakayeitoa punje yako ni Lugola. Unamjua Lugola."

Alimjua. Lugola alikuwa mkusanyaji kijana, mwepesi, na alikata kwa upana kwa sababu ilikuwa haraka zaidi. Mzee mmoja wa Ndala aliyekatwa na Lugola hakusema neno tena hadi alipokufa.

Njiani kurudi Igaluke, Minza aliwaza mambo hayohayo kwa saa tatu. Asipokwenda yeye, atakwenda Lugola. Yeye angekata taratibu na kuokoa kitakachookoleka. Na akikataa, Tatu atatolewa shule mwezi huohuo na wote wawili watarudi barabarani, na Mhoja atakatwa vilevile. Hesabu ilikuwa wazi. Kilichomsumbua ni kwamba alijua kila mkusanyaji huwa na hesabu kama hiyo, na kila mmoja huiona wazi. Hakuwahi kukutana na mkusanyaji aliyesema anafanya kazi hii kwa sababu anataka.

*

Mhoja alikuwa chini ya kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba, na hakuwa peke yake. Watu sita walikuwa wameketi mkekani, Kabula mmoja wao. Katikati palikuwa na pampu nzima ya zamani, imefunguliwa kipande kwa kipande. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa ameshika mpira wa ndani uliochanika, akieleza kwa nini maji hayapandi. Mhoja alikuwa akimsikiliza, akitikisa kichwa.

Walipomwona Minza wakasogeleana. Mwanamke mwenye mtoto akauficha mpira chini ya khanga.

"Nilikwambia uiache," Minza alisema. Sauti ilitoka na hasira ambayo hakuitegemea.

"Ulisema." Mhoja aliinuka kwa shida, akishika goti. "Siku ya kwanza niliiacha. Siku ya pili watu walikwenda kuchota bwawani, kule wanakokunywa ng'ombe. Siku ya tatu watoto wanne walianza kuhara. Wawili walikuwa wa huyu." Alimwonyesha mwanamke mwenye mtoto mgongoni. "Huyo mgongoni ndiye aliyebaki. Sasa niambie, mwanangu, siku ya nne ningefanya nini?"

Minza alikaa chini, palepale kwenye udongo, na sanduku lake mapajani. Aliwaeleza yote. Picha ya kabla na picha ya baada. Lugola. Na kwa kuwa alikuwa amechoka kuwa mtu asiyesema, aliwaambia pia kuhusu Tatu.

"Kwa hiyo tukimbie," Kabula alisema. "Tuna ndugu Urambo."

"Watampata. Na watakagua kila mtu aliyekuwa karibu naye."

Mhoja aliwatazama wanafunzi wake mmojammoja. "Hawa pia wana mizizi?"

Minza hakuwa amelifikiria hilo. Alifungua sanduku, akamwomba Kabula aje. Alivuta kioo juu ya kichwa chake na kumwambia awaze pampu, aifungue moyoni, nati moja baada ya nyingine. Kabula alifumba macho. Midomo yake ilicheza.

Kioo kilikuwa cheupe. Minza alikisogeza kushoto, kulia, akaongeza nguvu hadi mwisho. Hapakuwa na uzi hata mmoja wa buluu.

"Umefungua?"

"Nimeshafunga," Kabula alisema. "Hata mpira nimebadilisha."

Minza akarudia kwa yule mwanamke mwenye mtoto, kisha kwa wengine wanne. Wote weupe. Alikaa akikitazama kile kioo kitupu, na polepole akaelewa. Kioo kilitengenezwa kutafuta alama ya Hazina, ile rangi ambayo punje huiacha kila inapoota. Hawa hawakuwahi kupandwa. Walijifunza kwa kumwona mtu, kumuuliza, kukosea na kukaripiwa. Ujuzi wa namna hiyo ulikuwa umetoweka siku nyingi kiasi kwamba hakuna aliyehangaika kutengeneza kifaa cha kuuona.

"Hawaonekani," alisema. "Kwa Hazina, hawa hawajui chochote."

Mhoja alicheka, mara moja tu, kicheko kifupi. Halafu uso wake ukatulia, na Minza akajua alichokuwa anakwenda kusema kabla hajakisema.

"Basi nikate mimi," alisema. "Upate picha zako. Wakiona nimekatwa, watafunga faili la Igaluke, si ndivyo? Hakuna atakayekuja kuangalia tena."

"Hapana," Kabula alisema.

"Kabula."

"Nimesema hapana. Wamechukua muuguzi. Wamechukua bwana mifugo, ng'ombe wetu tisa wakafa tunawatazama. Sasa na mimi wanichukue kichwani mwako?"

Mhoja alimshika mkono, wakaenda pembeni, upande wa zizi lililokuwa tupu. Minza hakusikia walichozungumza. Aliona tu Kabula akitikisa kichwa mara nyingi, kisha mara chache, kisha akisimama tu. Wanafunzi walianza kukusanya vipande vya pampu na kuvifunga ndani ya mkeka bila kuambiwa.

Waliporudi, Kabula ndiye aliyesema. "Utakata taratibu?"

"Taratibu kadiri niwezavyo."

"Nikae karibu naye?"

"Ukikaa karibu atakuwa anakuwaza. Nyuzi zitawaka zaidi pale ulipo. Ni bora ukae mbali, mama. Huenda ukabaki kidogo."

Kabula akavua kitambaa chake cha kichwani, akamfunga mumewe mkononi, akatoka uani bila kugeuka.

*

Kazi ilichukua saa tano. Minza alikata uzi mmoja baada ya mwingine, na kila alipofika pale palipojisokota alisimama, akatafuta njia ya kuzunguka. Mara mbili aliipata. Mara nyingine zote haikuwapo. Mhoja alizungumza mwanzoni, kwa kuwa alitakiwa kuwa macho. Alieleza jinsi ya kujua kwa sauti ya mpini kama kombe la chini, lile linalovuta maji, limelegea. Kisha akaeleza tena, akiruka maneno. Kisha akauliza wanazungumzia mpini gani. Minza aliendelea kukata. Mikono yake haikutetemeka, na alijichukia kwa hilo.

Alipomaliza alipiga picha ya baada. Ilikuwa safi. Bi Tunu angefurahi.

Alimkuta Kabula kisimani. "Pampu hutuma taarifa ikisimama kutwa nzima," alimwambia. "Ikisimama saa mbili tatu, hakuna anayejua. Msisubiri ife. Ifungueni kabla."

"Asante," Kabula alisema. Hakuonekana kumshukuru. Alionekana kama mtu anayeweka jambo mahali asije akalisahau. "Ameinuka kitandani?"

"Ameinuka."

Walirudi pamoja. Mhoja alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, anaangalia kile kitambaa kilichofungwa mkononi mwake. Alimwona Kabula, akainuka kidogo kama mtu mwenye adabu anavyofanya mbele ya mgeni.

"Karibu, mama," alisema. "Habari za huko?"

"Nzuri," Kabula alijibu. "Za hapa?"

"Tunashukuru Mungu. Naambiwa nilikuwa mgonjwa."

"Ulikuwa mgonjwa. Sasa umepona."

"Nimepona," Mhoja akakubali, ila kwa sauti ya mtu asiye na hakika. "Kaa basi. Watu wa nyumba hii watakuja sasa hivi."

Kabula alikaa. Walikaa hivyo muda mrefu, mke na mume, hatua mbili kati yao, wakizungumza habari za jua na mawingu. Kisha sauti ikaita kutoka kisimani kwamba mpini umekuwa mzito. Kabula akainuka, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa spana. Kisima kilionekana vizuri kutoka pale mlangoni. Mwanamke mwenye mtoto alishika fimbo. Kabula akapiga magoti, akalegeza nati ya kwanza, akainamisha sikio kwenye chuma na kusikiliza.

Gari la Hazina lilikuwa limeshafika kumchukua Minza, na dereva alikuwa amesimama karibu, ameegemea mlango uliofunguliwa.

Mhoja alikuwa anamtazama Kabula kwa makini. "Huyu mama ni fundi hasa," alisema. "Angalia anavyosikiliza kabla hajafungua. Nani kamfundisha?"

Dereva aligeuza kichwa.

"Hajui chochote, baba," Minza alisema kwa sauti ya kusikika. "Anabahatisha tu."

Mhoja alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyesikia kijana mwenye heshima akisema jambo la kipuuzi. Hakubishana. Alikishika kiti chake kwa mikono miwili, akakibeba hadi kisimani, akakaa karibu ili aone vizuri.